Maneno umehifadhi, kitabu cha chuo bado kinakushinda: tafuta palipokwama

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakishatoka Januari, Lamu hubaki na vijana wengi waliofaulu ambao hawaripoti chuo kikuu mpaka Agosti au Septemba. Wanajua kwamba huko waendako, iwe Kilifi, Mombasa au Nairobi, watasoma na kuandika kila kitu kwa Kiingereza kizito kuliko walichozoea shuleni. Basi hutafuta orodha ya maneno magumu, wakaichapisha kwenye saiba, wakaanza kuyahifadhi kurasa kwa kurasa. Jitihada hiyo naiheshimu sana. Ninachopinga ni kukimbilia orodha kabla ya kujua umekwama wapi. "Kiingereza changu ni kidogo" ni jina moja la matatizo kadhaa yanayofanana kwa nje. Kila moja lina chanzo chake, na mara nyingi linalotatua hili haligusi lile.

Anza na penseli na ukurasa mmoja

Chukua ukurasa wa kitabu au makala ya fani unayokwenda kusoma. Gazeti halitakusaidia hapa, wala riwaya. Hesabu maneno 200 mfululizo, uyasome polepole bila kamusi, huku ukitia alama za aina tatu. Neno la fani yenyewe usilolijua, kama "sediment" au "enzyme" au "liability", lizungushie duara. Neno usilolijua ambalo linaweza kutokea katika fani yoyote, kama "whereas", "derive", "albeit" au "constitute", lipigie mstari. Sentensi ambayo kila neno lake unalijua na bado maana huipati, iwekee alama ya kuuliza pembeni.

Sasa hesabu. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa Victoria University of Wellington huko New Zealand, anaeleza kwamba msomaji akitaka kusoma peke yake bila kusaidiwa anahitaji kuyajua maneno kama asilimia 98 ya anachosoma. Katika maneno yako 200, hiyo ni manne tu usiyoyajua. Ukiwa na manane au tisa, bado unaweza kusonga mbele ukiwa na kamusi na subira. Ukiwa na ishirini au zaidi, maandishi hayo bado yako juu yako, na kuyang'ang'ania kutakuchosha bure. Shuka: soma kwanza vitabu vya kidato cha tatu na cha nne vya somo hilo, makala za kueleza sayansi kwa watu wa kawaida, na hadithi nyepesi nyingi. Maneno elfu mbili tatu ya mwanzo ya Kiingereza hushika kwa kusoma sana vitu rahisi, na ghorofa ya juu haijengwi kabla hayo hayajakaa.

Kama duara ndizo nyingi, usihangaike. Maneno hayo utafundishwa, mengi yana maelezo yake mwishoni mwa kitabu, na kila mwenzako darasani atakuwa anayasikia kwa mara ya kwanza kama wewe.

Mistari ni mingi kuliko duara

Hili ndilo ninalokutana nalo zaidi kwa vijana wetu, na linaumiza kwa sababu halina mwalimu. Mhadhiri wa baiolojia ataeleza "sediment" ni nini, lakini hatasimama kueleza "whereas" wala "attributed to". Anaamini ulikuja nayo. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari naye alikuwa na mtihani wa kukimbizana nao. Neno limeanguka katikati.

Chukua makala kuhusu mikoko. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye mikoko mingi kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya, na kijana aliyekulia hapa anajua boriti hukatwa wapi, maji huingia saa ngapi, mkandaa ni upi na mchu ni upi. Mpe sentensi kama hii: "The decline, albeit gradual, is largely attributed to the demand for poles." Habari yenyewe anaijua, pengine kuliko aliyeiandika. Kilichomfungia mlango ni "albeit" na "attributed", maneno mawili ambayo hayana uhusiano wowote na mikoko.

Tabaka hili la maneno limeshafanyiwa kazi na unaweza kulipata bure intanetini. Mnamo 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza cha kawaida. Mnamo 2000 Averil Coxhead, wa chuo hichohicho cha Wellington, akapekua maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5 ya sanaa, biashara, sheria na sayansi. Alitafuta yanayojirudia katika nyanja zote nne na ambayo hayamo kwa West. Zikabaki familia 570, familia ikiwa ni neno pamoja na matawi yake, kama "analyse", "analysis", "analytical" na "analyst". Hizo 570 hubeba takriban neno moja katika kila kumi ya maandishi ya chuo. Orodha inaitwa Academic Word List, na imegawanywa mafungu 10 kuanzia yanayotokea zaidi, kila fungu familia 60 isipokuwa la mwisho lenye 30.

Piga hesabu yako. Familia nne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni ishirini kwa wiki. Fungu la kwanza linakwisha kwa wiki tatu, na orodha nzima kwa wiki 29, yaani tangu mwisho wa Januari hadi Agosti. Muda unao.

Lakini usiisome orodha kama orodha. Neno ambalo hujawahi kukutana nalo likifanya kazi ndani ya sentensi halikai, na hata likikaa hutajua pa kuliweka. Kila familia uliyoichagua, itafute ndani ya maandishi ya kweli. Na hapa nina ushauri ambao naona unafaa kuliko mwingine wowote: anza na maandishi ya kitaaluma kuhusu mambo unayoyajua tayari. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na maelezo ya kwa nini umestahili yako wazi kwenye tovuti yao, kwa Kiingereza kilekile cha chuo. Anayetaka kusomea sheria au mazingira atafute uamuzi wa Juni 2019, pale jopo la kitaifa la mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, hapahapa Lamu, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kisa umekisikia kwenye baraza na kwenye redio. Ukisoma Kiingereza chake, maana tayari unayo kichwani, na kazi inayobaki ni kuona neno gani limebeba kipande gani cha hiyo maana.

Alama za kuuliza zimejaa pembeni

Maneno unayajua, sentensi huielewi. Mara nyingi kuna neno la kawaida lililovaa maana nyingine. "Significant" katika takwimu hueleza kwamba tofauti iliyoonekana ni vigumu kuwa imetokea kwa bahati tu. Tofauti yenyewe inaweza kuwa ndogo na isiwe na umuhimu wowote kwa mtu. "Culture" katika maabara ni vijidudu vilivyooteshwa. "Account for" huweza kuwa kueleza sababu, na huweza kuwa kuchukua sehemu fulani ya jumla. "Given" mwanzoni mwa sentensi haihusiani na kupewa kitu.

Ufanye nini? Lile neno unalodhani unalijua ndilo ulitafute kwenye kamusi, na ushuke hadi maana ya tatu na ya nne. Virai kama "subject to", "in light of" na "as opposed to" viandike kwenye daftari vikiwa vizima. Ukivikatakata hupati kitu.

Ijumaa umehifadhi, Jumatatu yamekwenda

Wengi hudhani kichwa chao ni kibovu. Hapana. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kuhifadhi silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunayojifunza hupotea kwa kasi sana katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Kila unapolikumbuka jambo kabla halijapotea, hudumu zaidi kuliko mara iliyopita.

Aliyepitia madrasa kwa ustadhi hahitaji kushawishiwa. Anayehifadhi Kurani hachukui darasa jipya tu kila siku. Husikilizwa la jana, husikilizwa la wiki iliyopita, na juzuu za zamani zina zamu yake ya murajaa, yaani kurudiwa, la sivyo zinamtoka. Tena husikilizwa msahafu ukiwa umefunikwa. Vijana wetu wanaujua utaratibu huu tangu wakiwa wadogo, kisha wakifika kwenye Kiingereza wanauacha, wanakaa kutazama orodha na kuisoma mara kumi kwa macho. Macho yanazoea ukurasa, nao wanadhani wamehifadhi.

Kwa Kiingereza fanya hivi. Tafuta bahasha tano na kadi ndogo, hata za maboksi yaliyokatwa. Mbele ya kadi andika sentensi yenye pengo pale neno linapokaa, nyuma andika neno. Kadi mpya zote ziko bahasha ya kwanza, nayo hufunguliwa kila siku. Ukilikumbuka neno, kadi inahamia ya pili, inayofunguliwa kila baada ya siku tatu. Ya tatu ni ya kila wiki, ya nne kila wiki mbili, ya tano kila mwezi. Ukikosea, popote kadi ilipokuwa, inarudi ya kwanza. Njia hii ya mafungu ilienezwa na Sebastian Leitner katika miaka ya 1970. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia programu ya AnkiDroid, ambayo ni ya bure, hupanga siku za marudio yenyewe, na ukishaiweka hufanya kazi bila bando.

Kuna walimu wanaokataza Kiswahili kabisa kwenye kadi. Sikubaliani nao. Maana ya Kiswahili ndiyo njia ya haraka ya kulishika neno siku ya kwanza, na hakuna sababu ya mtu kutangatanga kwenye maelezo ya Kiingereza yenye maneno mengine matatu asiyoyajua. Kadri neno linavyosonga bahasha, sentensi ndiyo inayobaki na kazi. Jambo jingine: maneno yanayofanana usiyajifunze siku moja. "Affect" na "effect", au "imply" na "infer", yakiingia pamoja yatakorofishana kwa miaka. Lishike moja kwanza, likomae, ndipo ulilete la pili.

Ukisoma unaelewa, ukiandika unarudi kwa "show", "big" na "things"

Kulitambua neno na kulitoa ni kazi mbili, na ya pili ni nzito zaidi. Chanzo chake kwa kawaida ni kwamba ulijifunza maana ya neno peke yake, hukujifunza majirani zake. Hivi ndivyo ukurasa mmoja wa daftari unavyopaswa kuonekana kwa neno "evidence":

Hutanguliwa na: strong, clear, little, growing.
Vitenzi vyake: provide evidence, find evidence. Pia: the evidence suggests.
Hufuatwa na: evidence of, evidence for, evidence that.
Wingi: haina. Ukitaka kuhesabu, a piece of evidence.
Ndugu zake: evident, evidently.

Mistari mitano kama hii inakufaa kuliko visawe ishirini. Yote utayapata katika kamusi za Kiingereza zilizoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, ambazo huyaeleza maneno kwa msamiati mwepesi na kutoa mifano mingi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili haikutungwa kwa kazi hii, hivyo usiilaumu.

Kisha fanya zoezi hili mara mbili tatu kwa wiki. Soma aya moja nzuri, funga kitabu, andika ilichosema kwa maneno yako, halafu fungua ulinganishe. Usitafute makosa ya sarufi. Tazama tu: pale wewe uliposema "big change", mwandishi alisema nini? Pale uliposema "got", yeye alitumia kitenzi gani? Pengo hilo ndilo msamiati wako wa wiki ijayo, na umelichagua kwa haja yako mwenyewe.

"Mwalimu, nimetumia maneno makubwa na bado nimekatwa alama"

Swali hili huulizwa kwa uchungu, nami hujibu: niletee insha, mwanangu, tuitazame pamoja. Karibu kila mara chanzo ni visawe vilivyookotwa. Mwanafunzi ameandika "show" mara tano, ameambiwa asirudierudie, amefungua orodha ya visawe na kubadilisha: huku "prove", kule "demonstrate", pale "reveal". Ameyachukua kama nguo za rangi tofauti, kumbe kila kitenzi kina uzito wake, na mhadhiri anaupima.

Tuseme umewahoji wavuvi kumi na watano wa Shela, na kumi na wawili wamekwambia samaki wamepungua. Ukiandika "This proves that fish stocks have declined", umesema uongo bila kukusudia, kwa kuwa maneno ya watu kumi na wawili hayathibitishi hali ya bahari. "Demonstrates" nayo inadai vipimo ambavyo hukuvifanya. "Indicates" inakaribia. Kinachokufaa ni "suggests", na kilicho salama zaidi ni "Most of the fishermen interviewed reported a decline in catches". Tazama pia nilivyotoka kwenye "stocks" nikaenda "catches": wavuvi wanajua kilichoingia wavuni, hawajahesabu kilichobaki majini. Huo ndio msamiati wa chuo kikuu ninaoujali kuliko wote. Neno linachaguliwa kwa kadiri ya ushahidi ulionao mkononi.

Hivyohivyo unapomnukuu mwandishi. "Claims" humtia shakani mbele ya msomaji. "Argues" humpa haki ya kuwa na hoja. "Notes" huonyesha kwamba unakubaliana naye. Ukivichanganya ili tu usirudie, utakuwa umemkosoa mtu uliyetaka kumuunga mkono. Na kurudia neno sahihi mara nne ndani ya ukurasa si kosa katika uandishi wa kitaaluma. Istilahi hasa lazima irudiwe ilivyo, maana ukiibadilisha msomaji atadhani unazungumzia kitu kingine.

Makosa mengine ya kalamu nyekundu yanatokana na Kiswahili chetu kupenya. Sisi hujadili kuhusu jambo na hutilia mkazo juu ya jambo, basi tunaandika "discuss about" na "emphasise on". Kiingereza hutaka "discuss the issue" na "emphasise the point", bila kihusishi. Sisi tuna tafiti na ushahidi mwingi, basi tunaandika "researches" na "evidences". Andika "studies", na "evidence" iache bila s. Kwa "comprised of" wahadhiri hutofautiana. Tumia "consists of" hakuna atakayekugusa.

Kwenye karatasi unalijua, mhadhiri akilitamka hulisikii

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na masikio yetu husubiri hapo. Kiingereza huuhamisha: "category" mkazo uko mwanzoni kabisa, "analysis" na "hypothesis" uko silabi ya pili, "economy" uko ya pili lakini "economic" umesogea ya tatu. "Determine" huishia kwa sauti ya "min", haina "main". Kamusi za simu zina kitufe cha sauti. Kibonyeze siku unayoandika kadi, tamka mara tatu kwa sauti ya juu hata kama wenzako barazani watakutazama, kisha tia kistari juu ya silabi yenye mkazo.

Penseli imemaliza kazi, ukurasa ni safi, na bado huelewi

Hapo huenda tatizo si la Kiingereza kabisa. Kuna njia ya kuhakikisha: mtafute aliyesomea fani hiyo, ndugu au jirani au mwalimu wako wa zamani, umuombe akueleze dhana hiyo kwa Kiswahili kitupu. Ukielewa papo hapo, basi ni lugha, rudi kwenye penseli na uutafute mstari ulioukosa. Kama hata kwa Kiswahili hujaelewa, msingi wa somo ndio haujashika. Weka kadi kando kwa wiki hiyo, ufungue kitabu cha kidato cha tatu kwenye mada hiyohiyo, na umalize maswali ya mwisho wa sura kabla ya kuurudia ukurasa.